"Letu" la Nani? Kisa cha Jalada Moja la Jarida la Vijana Kisumu

Kisa hiki nilikuwamo. Nilikuwa mhariri msaidizi wa jarida dogo la vijana lililotoka Kisumu mara nne kwa mwaka, na kichwa kilichozua mzozo wote nilikiandika mimi. Wenzangu wanaoanzisha majarida ya shule na ya mitaa, kuanzia Kakamega hadi Nakuru, wamekuwa wakiniuliza mambo yalikwendaje, na kila mara nimewajibu kwa ufupi kwenye simu nikawaacha na maswali zaidi. Hapa nakieleza chote, kwa sababu kosa tulilofanya hufanywa na watu wanaowapenda vijana kwa dhati, na ndiyo maana halionekani upesi. Jina la jarida na majina ya wahusika nayaacha.

Mhariri mkuu tulimwita Madam, sote, hata mlinzi wa mlangoni. Alikuwa amefanya kazi ya majarida Nairobi tangu miaka ya tisini, enzi ambazo jarida lilining'inizwa kwa kibanio cha nguo kwenye kibanda likashindana na mengine kumi kulivuta jicho la mpita njia. Aliporudi nyumbani Kisumu alikuja na mafunzo ya kibanda kile. "Msomaji wa miaka kumi na sita hununua kwa jicho," alikuwa akituambia. "Neno lako atalifikia baadaye, jicho likisharidhika." Kwa hiyo mpigapicha alilipwa kabla ya mwandishi, na jalada pekee lilijadiliwa siku nyingi kuliko kurasa 32 zilizokuwa ndani. Mwanzoni jambo hilo lilinikera. Niliona ni kuwadharau wasomaji. Kisha siku moja nikakaa nje ya saiba moja (duka la intaneti) mtaani Kondele nikitazama wanafunzi wakilishika toleo letu la kwanza. Walilitazama jalada muda mrefu. Wakaangalia viatu vya mvulana aliyekuwa pichani, wakaangalia viatu vyao, ndipo wakafungua. Nikamwelewa Madam.

Msimamo wake wa pili ulihusu lugha, na huu namwomba msomaji aushike, maana kisa kizima kinarudi hapo. Madam hakutaka Sheng, ile lugha ya mtaani ya vijana, jaladani. Ndani ya makala kijana aliyehojiwa aliruhusiwa kusema Sheng yake yote na hakuna aliyemsahihisha. Jaladani, hapana. Kijana aliyetupangia kurasa alimpinga kwa nguvu. Alimtolea mfano wa Shujaaz, hadithi za michoro zilizoanza mwaka 2010, zikaandikwa kwa Sheng, zikagawiwa bure na kusomwa nchi nzima, na mwaka 2012 mradi huo ukatuzwa Emmy ya kimataifa. Madam alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akasema: "Kule anayesema ni mhusika. Ana jina, ana mtaa, ana mama yake. Jalada letu halina mhusika. Likisema Sheng, anayesema ni mimi mwenye miaka hamsini na tatu, na mtoto atajua papo hapo kwamba nimeazima mdomo wake." Hakuna aliyekuwa na jibu. Tena Sheng ya Manyatta, mtaa wa hapa Kisumu, si ile ya Nakuru, na neno linaloanza leo likifika kwa mchapaji na kurudi limeshachakaa.

Lililomkosesha usingizi lilikuwa jingine. Aliamini vijana wa huku wanajipoteza. Aliwaona wikendi pale mjini, katika barabara ya Oginga Odinga, na kila kundi alilitajia mahali lilipotoa sura yake: hawa Lagos, wale Johannesburg, wale kwenye tamthilia za Korea. "Watoto wetu wanamvaa kila mtu isipokuwa wao wenyewe," alisema kwenye kikao cha kupanga toleo la tatu, na sauti yake haikuwa ya lawama. Ilikuwa ya mama anayeona mwanawe amekonda. Baba yake Madam alitoka kijijini akaajiriwa mjini, akajinunulia suti moja, akaipiga pasi kwa makaa kila Jumamosi kwa miaka ishirini. Kwake yeye nguo ilikuwa ushuhuda wa mtu ni nani. Basi aliamua toleo la tatu liwe toleo la utambulisho, na jalada liwaonyeshe vijana wao wenyewe.

Hapo ndipo binti wa koti anaingia.

Koti

Alikuwa na miaka 17, amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Nyumbani kwao ni Manyatta. Katika miezi ile ya kusubiri alikuwa akijifunza ushonaji kwa fundi mmoja wa kike sokoni Kibuye, upande wa mitumba, pale ambapo cherehani za kukanyaga zimepangwa bega kwa bega na kila fundi anarekebisha nguo ambayo mteja ameinunua dakika tano zilizopita. Mpigapicha wetu alimwona hapo akiwa amevaa koti, akamfuata kumwuliza amelinunua wapi. Alikuwa amelishona mwenyewe.

Koti hilo nililishika mkononi na naweza kulieleza. Lilitokana na suruali mbili za jinzi, moja iliyopauka na moja ya buluu nzito, zilizofumuliwa mshono kwa mshono. Mgongo ni suruali moja iliyopasuliwa. Mikono ni miguu ya suruali ya pili, na kwenye kiwiko cha kushoto ameacha mfuko wa nyuma ukiwa mzima, ndimo anamotia nauli. Mishono ya nje ni ya uzi wa rangi ya chungwa, na iliponyooka vizuri aliipitisha mara mbili. Pale ilipopinda hakuificha. Ndani alitia bitana ya leso kuukuu ya dani, yaani nyanya yake. Leso hiyo ilikuwa na jina lake, kama leso zote: Wema hauozi. Mtu akisimama mbele yake na koti likiwa wazi, maneno yanaonekana yamegeuka miguu juu. Nilimwambia kwa upole kwamba bitana imekaa vibaya. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. "Si ya kusomwa na wewe," akasema. "Nikiinama hivi, naisoma mimi."

Nilicheka kidogo, nikasahau. Laiti nisingesahau.

Siku ya Dunga na Alhamisi ya kichwa

Mama yake alitia sahihi ya kuridhia picha itumike jaladani, tukaenda Dunga, ufukweni mwa ziwa, saa kumi na moja jioni ili tulipate jua likishuka juu ya ghuba. Madam alikuwa amemwita mtaalamu wa mavazi ya picha kutoka Nairobi, naye alikuja na sanduku la nguo za kukodi: gauni la kitenge la rangi ya haradali lenye mikono ya kupuliza, kilemba cha kitambaa hicho hicho, na shanga pana za shingoni. Binti akavua koti lake, akalikunja upande wa ndani nje ili lisichafuke, akaliweka kwenye ukingo wa mtumbwi. Akavaa gauni. Alipendeza, na alijua amependeza. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu walisimama kumtazama. Mafunjo nyuma yake yaligeuka dhahabu kwa kama dakika saba hivi, na mpigapicha akazitumia zote saba. Mpaka leo nasema ile ndiyo picha nzuri kuliko zote tulizowahi kuchapa.

Kichwa kiliandikwa Alhamisi usiku, mchapaji akisubiri faili Nairobi. Nilijaribu vichwa vingi. Kilichobaki kilikuwa VAZI LETU, NAFSI YETU, na ukurasa wa ndani, chini ya picha ndogo, nikaandika: "Binti wa ziwani katika vazi la asili la kwao." Madam alikisoma kichwa kwa sauti mara mbili, akaweka miwani mezani, akasema, "Hapo umenigusa." Nilirudi nyumbani nimejaa furaha.

Ukumbi wa Kondele

Nakala zilizorudi bila kuuzwa zilikuwa nyingi kuliko za matoleo mawili ya kwanza. Hilo peke yake lisingenishtua, maana jarida changa hupanda na kushuka. Kilichotushtua ni ujumbe. Wa kwanza ulitoka kwa msichana wa Kibos. Aliandika kwa adabu kwamba yeye ni Mnubi, kwamba nyanya yake huvaa gurbaba, vazi la akina mama wa Kinubi, kwamba ukoo wao uko Kisumu tangu wakati wa wanajeshi wa kikoloni waliotoka Sudan, na akauliza: hilo "letu" linanihesabu? Mvulana wa Vihiga akauliza swali karibu lile lile kwa maneno makali zaidi. Mwingine, kutoka Busia, alituma picha ya shangazi yake katika gomesi, bila neno lolote.

Madam angeweza kunyamaza. Wahariri wengi ninaowajua wangenyamaza, wakangoja toleo lijalo lifunike lililopita. Yeye alikodi ukumbi Kondele siku ya Jumamosi, akaagiza chai na mandazi, akawaita wasomaji waje wamwambie uso kwa uso. Walikuja kama thelathini. Binti wa jalada alikuja na koti lake, na alikuja na dani.

Kijana mmoja aliyevaa kofia ya sufu joto lote lile alianza kwa kulizungumzia Bunge. Mnamo Novemba 2023, alisema, Spika Moses Wetang'ula, mtu wa huku kwetu Bungoma, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, na hilo wakati Rais mwenyewe ndiye aliyezirudisha katika fasheni. "Nyinyi wazee hamjakubaliana vazi la Mwafrika ni lipi hata mlangoni mwa Bunge," akasema. "Mbona sisi mnatuletea jibu?" Watu wakapiga makofi. Madam mwenyewe akaongezea, na hili nililipenda, kwamba mwaka 2004 kulifanywa shughuli kubwa ya kitaifa ya kubuni vazi la Kenya, michoro ikatolewa, vazi likaonyeshwa hadharani, na wananchi wakaendelea kuvaa walichokuwa wakivaa.

Kisha dani akaomba kusema. Alisema kwa Dholuo, lugha ya Waluo, mjukuu akitafsiri. Akalinyoosha jarida magotini akaweka kidole kwenye shanga. Hizi ni za Wamaasai, akasema, na hakuna ubaya, ni nzuri. Akasogeza kidole kwenye gauni. Hiki kitambaa mimi nilikianza nikiwa mtu mzima, kwenye harusi. Nyanya yangu mimi aliolewa akavaa chieno, ule mkia wa nyuzi wa mke wa mtu, na zamani hizo waliotembea na nguo mwilini waliitwa jonanga, watu wa nguo, kama vile unavyosema watu wa kabila lingine. Halafu wamishonari wakaja, shule ikaja Maseno, kila mtu akawa mtu wa nguo. Akanyamaza kidogo. Akamwuliza Madam, kwa Kiswahili sasa, taratibu: "Nyathina, hapa mmeandika asili. Asili ya mwaka gani?"

Madam ana miaka yake hamsini na mitatu, lakini mbele ya mama yule alikuwa nyathina, mwanangu, na akaitika hivyo.

Binti alikuwa wa mwisho. Sote tulitarajia aseme hakulipenda gauni. Alisema kinyume. "Lile gauni nililipenda sana. Picha yenyewe niko nayo kwa simu, nimewatumia watu wote. Lakini mliandika ni letu. Madam, lile gauni lilirudishwa jioni ile ile."

Kosa lilikuwa wapi

Watu wakisikia kisa hiki hukimbilia jibu moja: kitenge si chetu, mngempiga picha na jinzi yake. Silikubali jibu hilo. Ni kweli kitenge kina safari ndefu. Kiwanda cha Vlisco kilianza Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, kikiiga kwa mashine batiki ya Java, na vitenge vingi vinavyouzwa masokoni kwetu leo vinatoka China. Lakini tukipima kwa mizani hiyo hakibaki kitu. Jina la leso lilitoka kwa Wareno, na leso za Mombasa zenye majina tunayoyapenda zilipata umaarufu kupitia maduka kama lile la Kaderdina lililoanza mwaka 1887. Gomesi ya akina mama wa Busia na Uganda ina jina la fundi Mgoa. Jinzi yenyewe yenye ribiti zake za shaba ilipewa hataza Marekani mwaka 1873. Kijana wa Manyatta aliyevaa jinzi hajamvaa mgeni kuliko mama aliyevaa kitenge harusini. Kitambaa hakikuwa kosa letu, wala picha.

Wengine husema Madam alikuwa mzee asiyejua vijana. Hilo nalo nalikataa, na nalikataa kwa hasira kidogo. Katika ofisi ile yote yeye peke yake ndiye aliyekuwa na wazo sahihi tangu mwanzo. Alilisema wazi kuhusu Sheng. Alikataa kuazima mdomo wa vijana. Tulichofanya ni kuuazima mdomo ule ule kwa Kiswahili sanifu, na kwa sababu kilikuwa Kiswahili sanifu hakuna aliyestuka. "Letu" na "yetu" ni maneno madogo mno. Yalikaa pale yakiwa yamepambwa vizuri, yakisema kwa niaba ya msichana wa Kibos, mvulana wa Vihiga, shangazi wa Busia na binti aliyevaa gauni kwa saa mbili. Sisi watatu tuliokuwa ofisini Alhamisi ile usiku tulikuwa tumesema "sisi" tukiwajumlisha maelfu ambao hatukuwa tumewauliza.

Naomba niseme zaidi kuhusu hili neno, maana naliona kila mahali katika maandishi yanayolengwa kwa vijana. Kiswahili hulirahisisha. Kiambishi kimoja tu na umeshamtia msomaji ndani ya nyumba: utamaduni wetu, vijana wetu, lugha yetu. Katika hotuba ya mazishi au ya harusi neno hilo lina kazi yake, waliopo wote wanajuana. Katika jalada linalosomwa na mtu asiyekujua, neno hilo linadai undugu kabla ya salamu. Mtu mzima hulipita bila kujali, ameshazoea kujumlishwa. Kijana wa miaka kumi na sita ndio kwanza anajaribu kujua yeye yumo katika "sisi" zipi: ya kwao, ya shule, ya mtaa, ya dini, ya timu. Kila "sisi" anaipima kama kiatu. Ukimvalisha kwa nguvu anaivua, hata kama ingemtosha.

Na kisha kuna lile neno "asili", ambalo dani alilifungua kwa swali moja. Mwandishi aliyepaswa kuuliza "ya mwaka gani" nilikuwa mimi, na ningeweza kuuliza kwa simu moja tu.

Wenye matangazo walitutajia sensa ya 2019, kwamba Wakenya watatu kati ya wanne wana umri chini ya miaka 35, na kwamba huo ndio umma wa jarida la vijana. Katiba nayo humhesabu kijana kuanzia miaka 18 hadi kabla ya kutimiza 35. Lakini waliokuwa wakilinunua jarida letu, wengi wao, kisheria ni watoto. Umma huo mkubwa wa kwenye takwimu haujawahi kukaa kwenye benchi moja. Waliokaa kwenye benchi za Kondele walikuwa thelathini, kila mmoja na nyanya yake na vazi lake, na ni hao wa kuandikiwa.

Ningefanya nini tofauti? Ningechapa picha ile ile. Gauni lile lile, jua lile lile. Ningeandika ukweli wake: nani aliyevaa, kitambaa gani, cha nani, kimekodiwa kwa siku moja, na kwa nini Madam alikichagua, kwa jina lake Madam. Hata ile hofu yake kwamba watoto wanajipoteza ningeitia kwenye ukurasa wa mhariri, kwa nafsi ya kwanza umoja. Ni hofu ya kweli, na kijana anaweza kubishana na mtu anayesema "mimi naogopa". Hawezi kubishana na jalada linalosema tayari tumekubaliana.

Kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo lingeweza kuharibika vibaya zaidi na halikuharibika. Wiki mbili baada ya toleo kutoka, mfanyabiashara wa nguo mjini aliitaka ile picha kwa bango la dukani, kwa pesa nzuri, na mwenzetu wa matangazo alikuwa ameshamwambia sawa. Madam akakataa. Mama wa binti alitia sahihi ya jarida, akasema, hakutia sahihi ya bango. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya kutumia data za mtoto, na picha ya uso ni data. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi wao. Madam hakuitaja faini alipokataa. Alisema tu kwamba mtoto akiamka asubuhi akute uso wake unauza suruali asizozijua, hatakuja tena kwetu. Pesa zile tulizihitaji.

Toleo la nne

Baada ya Kondele tulirudi kwenye picha za Dunga, zote, hata zile za kujaribu mwanga. Kati yake kulikuwa na moja ambayo hakuna aliyekuwa ameiangalia mara mbili: ukingo wa mtumbwi, rangi ya buluu iliyobabuka, na juu yake koti lililokunjwa ndani nje. Leso inaonekana. Maneno yanaonekana, na kwa sababu koti lilikuwa limelazwa kinyume, safari hii yanasomeka.

Madam aliitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa na neno mdomoni, nyadhi, lile la Kiluo la mtu anayejipamba akatembea kwa maringo yanayopendeza, na nilitaka liwe kichwa. Alitikisa kichwa. Litamfaa msomaji wa Manyatta, akasema, na yule wa Vihiga atauliza tena. Tukakubaliana jalada libaki na jina la jarida, namba ya toleo, na mstari mmoja mdogo chini: Koti lililoshonwa Kibuye. Ndani tukampa binti kurasa mbili aeleze mwenyewe alivyolishona, kipimo kwa kipimo, akiwamo fundi aliyemfundisha na makosa aliyoyafumua. Toleo hilo halikuuzika zaidi ya la tatu, na sitaki kudai vinginevyo. Ila lilirudi na barua za aina nyingine: vijana walituma picha za ndani ya nguo zao, mifuko iliyoongezwa, viraka, jina la ndugu aliyefariki lililotariziwa mahali ambapo hapaonekani.

Kabla ya kulipeleka kwa mchapaji, Madam alitoa agizo jipya ambalo tulilifuata mpaka jarida lilipokoma: maelezo ya kila picha yasomwe kwanza na aliye pichani. Nilimpelekea binti karatasi pale kwenye cherehani. Nilikuwa nimeandika: "Jinzi mbili za mitumba, leso ya dani, uzi wa chungwa, vifungo kutoka Kibuye." Alisoma polepole, mguu bado uko kwenye kanyagio. Akaniomba kalamu. Akakata vifungo kutoka Kibuye, akaandika juu yake kwa herufi ndogo: vifungo vya koti la kazi la babu, alipokuwa Kicomi.

Kicomi, kile kiwanda cha nguo cha Kisumu, kilifungwa kabla yeye hajazaliwa. Nilimwuliza kama babu alimweleza kazi aliyoifanya pale. Akasema hapana, wajukuu walizaliwa babu ameshafariki, koti lilikuwa msumarini nyuma ya mlango wa dani, na vifungo vilikuwa vimebaki vinne.